Taa za Nyuma za Mwalimu Washa

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na shemeji naye goti limeacha kumsumbua akipanda ngazi. Mimi sijambo. Mafua niliyokuwa nayo siku ile ulipopiga simu yamekwisha, kimebaki kikohozi kidogo cha asubuhi ambacho hakinizuii kazi. Nyumba iko salama. Ua nafagia, na ile miche ya Baba kwenye makopo namwagilia kama alivyoniagiza. Minne imeshika na miwili imekufa, ila wewe mwambie minne kwanza. Hali ya Baba mwenyewe sikuulizi hapa mwanzoni, maana ndiyo habari ya barua yote hii.

Barua yako niliipata Jumatatu pamoja na fomu ya daktari. Fomu nimeisoma kwa makini. Inataka kila mtoto aandike alianza lini kuona mzazi anasahau, anasahau mambo gani, na kama amewahi kujihatarisha au kuwahatarisha wengine. Umenieleza kwamba miadi ni Alhamisi ya wiki ijayo, na kwamba daktari akithibitisha unachokifikiri, Baba atabaki kwako moja kwa moja, nyumba itafungwa na gari litatafutiwa mtu wa kulichukua. Umeniambia pia nisiandike kwa huruma, niandike nilichokiona kwa macho. Ndicho ninachofanya. Fomu ina mistari mitano na mimi imenishinda kubana humo, ndiyo sababu unapata karatasi zote hizi. Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Simu nimeishika mara tatu. Kwenye simu wewe una haraka na mimi nina woga, na ipo sababu nyingine ya kutaka karatasi ambayo nitaisema mbele.

Kwa kuwa daktari naye atasoma, nitaeleza hata mambo unayoyajua. Usinichoke.

Kabla ya ajali sikuona kitu. Nimejaribu kukumbuka hata kimoja ili fomu isibaki tupu, sikukipata. Tangu mama atutoke nimeishi na Baba nyumba moja, nakula naye meza moja, na mzee huyu alikuwa anakumbuka mpaka anakera. Amefundisha watu udereva miaka thelathini na mmoja na wote anao kichwani: nani aligonga pipa la taka, nani alilia kwenye kilima, nani alifeli mara nne na leo anaendesha gari la wagonjwa. Tukikutana njiani na mtu mzima, ana mvi na wajukuu, Baba anamsalimu na kumuuliza kama siku hizi anakumbuka kuachia breki ya mkono. Yule mtu anacheka, anakubali kosa. Mimi mwenyewe hajaniacha hata siku moja kunikumbusha kwamba nilipokaa kwenye usukani mara ya kwanza nilifunga macho.

Mji mzima unamwita Mwalimu Washa, na daktari ajue jina hilo lilitoka wapi. Mwanafunzi akikaa garini, kabla hajagusa kitu, neno la kwanza la Baba lilikuwa washa. Liwe jua la saa sita, washa. Kisha anamshusha, wanazunguka gari pamoja mpaka nyuma, na mwanafunzi lazima ainame aangalie kwa macho yake kama taa nyekundu zinawaka. Alikuwa akiwaambia kwamba taa za mbele ni zako na za nyuma ni za mwenzako, na watu wengi hukumbuka zao tu. Walimdhihaki sana kwa hilo. Lakini wanafunzi wake wote, hata leo ukiwaona, wanazunguka gari kabla ya kuingia, wengine bila kujua tabia hiyo waliitoa wapi.

Hapa nyumbani pia unakumbuka ule ukuta wa maegesho. Baba aliupaka chokaa kila mwaka na majirani wakadhani ni usafi. Alikuwa akiingiza gari kinyumenyume mpaka karibu liguse ukuta, chini ya bati pale penye kivuli, na asubuhi akiwasha taa anatazama kioo cha ndani. Akiona madoa mawili mekundu kwenye chokaa, anaondoka. Akiona moja, anashuka kubadilisha balbu. Kazi nzima ni ya sekunde tatu, na sikumwona akiiacha hata siku ya mazishi ya mama.

Miaka miwili iliyopita ukamletea gari hili. Ilikuwa zawadi nzuri, nasema kweli, wala usije ukajilaumu ukimaliza kusoma. Ila lilikuwa gari la siku hizi, lenye mambo ya kujiamulia. Pembeni ya usukani lina swichi ya taa ya kuzungusha: sifuri, taa ndogo, taa kubwa, na mwisho kabisa oto. Ukiweka oto, taa zinajiwasha zenyewe, na waipa nazo zinaanza kufuta zenyewe mvua ikinyesha. Baba akaanza kuiita oto hiyo Bwana Oto, kama vile ni abiria fulani aliyekuja na gari. Akaniuliza Bwana Oto anajuaje kwamba mvua inanyesha wakati yeye amekaa ndani. Kwa kuwa kazi yangu ni vioo vya magari, nikapata nafasi ya kumfundisha mwalimu.

Nilimweleza hivi, na namweleza daktari. Juu kabisa katikati ya kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo kidogo cha kuangalia nyuma, kuna kidude cheusi cha ukubwa wa kiberiti. Tunakiita sensa. Kinapiga mwanga usioonekana kuingia kwenye kioo na kungoja urudi. Kioo kikiwa kikavu unarudi wote. Tone la maji likikaa upande wa nje, sehemu ya mwanga inapotea hapo, nacho kinajua mvua imekuja na kuziamsha waipa. Kidude hichohicho ndicho kinachopima giza. Mvua ya mchana wakati nje bado kuna mwanga haikitishi, hakioni giza. Ila kwenye gari letu waipa zikishafuta kwa muda, taa kubwa zinawaka, na za nyuma zinawaka pamoja nazo. Kwa hiyo kila kitu kinaanzia kwenye lile tone.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ni elimu nzuri, kisha kwa mwaka mzima na zaidi akaendelea kuwasha kwa mkono. Nilimtania kwamba amepewa gari lenye akili naye analiendesha kama mkokoteni. Akanijibu kwamba mkokoteni haujawahi kumdanganya.

Miezi mitatu iliyopita lori lilirusha kokoto likapasua kioo cha mbele, ufa ukawa unatembea kila siku kidogo. Kioo kipya nilikiweka mimi, pale karakana, siku ya Ijumaa. Baba alikuja kulichukua gari Jumamosi asubuhi. Alizunguka gari lote, akapitisha kidole pembezoni mwa kioo, akawaambia wenzangu kwamba kazi kama hii hata kiwandani hawaifanyi. Akaniita fundi. Siku zote ananiita Injinia, na ni kunitania. Siku ile aliniita fundi na hakuwa anatania. Akaniuliza kama kila kitu kimerudi mahali pake. Nikasema kila kitu, na Bwana Oto pia, na kwamba sasa akimkataa atakuwa anakataa kazi ya mikono yangu. Mimi nilisema kwa mzaha mbele ya watu. Yeye hakuchukua kama mzaha. Akaingia garini, akazungusha swichi mpaka oto, akasema basi kuanzia leo haigusi.

Asubuhi iliyofuata alitazama ukutani hakuona madoa. Akaja kunigongea mlango nikiwa nanyoa ndevu. Nikamwambia mchana haziwaki, asiogope, mvua ikija au giza likiingia zitawaka zenyewe. Mbele kuna zile taa ndogo za mchana zinazowaka muda wote na dashibodi inang'aa, aone hiyo kuwa ni salamu ya gari. Hakupenda, ilionekana usoni mwake. Lakini alisema fundi amesema, akaondoka. Siku chache baadaye kulikuwa na manyunyu, akarudi akaniambia Bwana Oto anasinzia, waipa zinachelewa mpaka kioo kimejaa. Akaniuliza kama siku ya namna hiyo awashe kwa mkono. Nikamwambia waipa anaweza kuzigusa mara moja moja, lakini swichi ya taa asiiguse, ataivuruga, kioo ni kipya na sensa inakizoea. Daktari ayasome maneno hayo vizuri. Hakuna sensa inayozoea kioo.

Ajali ilitokea Jumanne, saa tisa na nusu alasiri. Ilikuwa ile mvua nene inayonyesha huku mbingu nyeupe, unaona mwanga lakini huoni mbele. Baba alikuwa anatoka kununua makopo ya miche, waipa akizigusa mara moja moja kama nilivyomwambia. Alipokaribia mzunguko wa barabara aliinua mguu, gari likapunguza mwendo lenyewe, breki hajakanyaga bado. Gari la mikate likamwingia kwa nyuma. Baba alivunjika mfupa wa bega na mbavu mbili, dereva wa mikate akavunjika pua, mikate ikatapakaa barabarani ikanyeshewa. Dereva huyo alimwambia askari kwamba hakuona hata chembe ya taa nyekundu. Askari wa usalama barabarani akakagua, akapiga picha swichi, akaandika kwenye ripoti: swichi ya taa ilikuwa kwenye sifuri, dereva mzee alisahau kuwasha taa wakati wa mvua.

Ulikuja hospitali siku ya pili. Ripoti ukaisoma wewe kwanza, kisha Baba akaomba miwani. Aliisoma mara tatu. Nilihesabu kwa sababu nilikuwa nimeshika kifuko cha miwani na sikuwa na pengine pa kutazama. Alisema ni picha ya gari lake kweli na swichi kweli iko sifuri. Basi alikuwa ameizima mwenyewe. Ukamuuliza kama anakumbuka kuizima. Akasema hapana, hakumbuki hata kidogo, na sauti yake wakati huo sikuwahi kuisikia. Wewe ukanitazama juu ya kichwa chake. Fomu yako, dada, ilianzia pale.

Sasa yale ya baada ya ajali, ambayo wewe umeyaona zaidi yangu. Ni kweli anazima jiko na kurudi kuliangalia mara tatu. Ni kweli anafunga mlango, anafika barazani, anageuka. Nilipokuwa naye nyumbani wiki tatu kabla hujamchukua, nilimwona ameanza kuandika kwenye daftari la shule kila analolifanya: nimekunywa dawa, nimefunga bomba, nimekula. Asubuhi ananiuliza kama ameshakunywa chai na kikombe kiko mbele yake. Leseni yake alikuletea mwenyewe, hukumwomba. Wale wanafunzi wake hawataji tena. Mtu akimsalimu njiani kwa jina la Mwalimu Washa anainamisha kichwa na kupita. Haya yote nimeyaona na nayaandika. Lakini nimemwangalia kwa karibu, na kila anaporudi jikoni, jiko amelizima. Mlango ameufunga. Chai anajua ameinywa, anataka tu mtu mwingine aseme. Hasahau kitu, ameacha kujiamini. Ukiambiwa kwa karatasi yenye muhuri kwamba mkono wako ulifanya jambo usilolikumbuka, jambo lenyewe ndilo ulilowakataza watu miaka thelathini na mmoja, utauamini mkono huo tena kwa kitu gani?

Watu wote waliiamini karatasi ile, isipokuwa dereva wa mikate. Hukumkuta, alikuja nyumbani umeshaondoka. Kumbe naye alifundishwa na Baba. Alikuja na mkate na plasta kubwa puani, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema ameshaambiwa mara mbili kituoni kwamba kosa si lake na bado hapati usingizi. Alisema taa hazikuwaka, hilo anaapa. Ila Mwalimu kusahau, alisema, hilo haliwezekani, kuna kitu hapo. Baba akamwambia mwanangu, hata mimi nazeeka. Nilikuwa mlangoni na sahani ya kukatia mkate. Niliingia jikoni nikakaa huko mpaka akaondoka.

Sasa naandika kile ambacho fomu haikuuliza.

Kati ya sensa na kioo kunakaa kipande cha jeli laini inayopitisha mwanga. Sheria ya kazi yetu ni moja: kioo kipya, jeli mpya. Ya zamani inatupwa, haina majadiliano, maana ikibanduliwa inashika vumbi na hewa. Ijumaa ile jeli zilikuwa zimekwisha stoo, nyingine zinakuja Jumatatu. Baba alitaka gari Jumamosi lakini hakunibana. Ningemwambia asubiri angesubiri, au ningemwambia awashe kwa mkono kama siku zote, angefurahi. Nikaibandika ya zamani. Niliona povu la hewa lililobaki katikati, la ukubwa wa punje ya dengu, pale hasa mwanga unapopita. Nikalikandamiza kwa dole gumba, likahama kidogo, likarudi. Nikajaribu kwa chupa ya kupulizia maji mara tatu. Mara ya kwanza nilihesabu mpaka nane ndipo waipa zikaondoka. Mara ya pili zilikwenda sawa. Mara ya tatu hazikwenda kabisa. Nikafuta kioo kwa kitambaa nikajiambia Jumatatu nitarekebisha.

Jumamosi Baba akaniita fundi mbele ya wenzangu, na mimi sikuweza kufungua mdomo kusema habari ya povu. Jumatatu jeli zikafika. Zilikaa kwenye rafu yangu, nikiziona kila nikivuta kisu cha kukatia gundi, na kila jioni gari lilikuwa uani hatua kumi kutoka kitandani kwangu. Kazi ya nusu saa. Sina sababu ya kukuambia, nimeitafuta, sina. Hata aliponiambia waipa zinasinzia nilikuwa najua ni nini, na badala ya kuchukua jeli nikamtungia habari ya kioo kuzoewa.

Jumanne ile mshindo tuliusikia karakana, ni hatua mia mbili tu. Nilikimbia. Wapita njia walikuwa wameshamtoa Baba na kumkalisha kwenye kibaraza cha duka, ameshikilia bega. Hakuniambia anaumwa. Aliniambia nikaangalie taa. Nilikwenda. Injini ilikuwa bado inanguruma, taa ndogo za mbele zinawaka, dashibodi inang'aa, na nyuma kumezima kabisa. Swichi ilikuwa kwenye oto. Nilipeleka mkono ndani, nikaizungusha mpaka sifuri, kisha nikazima injini na kutoa ufunguo.

Kwa muda mrefu nimejiambia kwamba nilikuwa nazuia moto. Gari limegongwa, mafuta huenda yanavuja, mtu yeyote angezima. Lakini anayezuia moto anaanza na injini. Mimi nilianza na swichi ya taa.

Nikarudi kibarazani. Baba akaniuliza kama zinawaka. Nikasema haziwaki. Akaniuliza swichi iko wapi. Nikasema iko sifuri, Baba. Wakati naisema ilikuwa kweli, na ukweli huo ulikuwa na umri wa dakika moja tu. Akafumba macho. Askari alifika baadaye na kamera yake, akapiga picha alichokikuta.

Niliogopa kazi, dada. Niliogopa mwenye karakana, niliogopa wenzangu waliosikia nikisifiwa. Sina cha kupamba hapo. Niliona Baba atapona bega na mambo yataisha. Sikufikiri kwamba nimemchukulia kitu kingine ambacho hospitali haina. Nilipojua, alikuwa ameshaanza lile daftari, na kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Naona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani, nawe najua utakasirika, na una haki.

Ndiyo sababu sikupiga simu. Baba aliamini ripoti kwa kuwa imeandikwa na kutiwa sahihi. Maneno yangu ya simu ataona ni mtoto anambembeleza mzee. Kwa hiyo nimeiandika yote, nimetia tarehe na sahihi kila ukurasa. Nakala moja nimempelekea askari yule jana. Aliisoma akiwa amesimama, akaniambia niketi, akatoa karatasi mpya, nimeambiwa nitaitwa. Dereva wa mikate nilimfuata dukani nikamwambia uso kwa uso. Hakusema kitu kibaya. Alisema tu alijua, kisha akaenda kupakia gari. Mwenye karakana ameniambia nisiguse kioo cha mtu mpaka aamue, kwa hiyo nafagia na kupanga stoo. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ombi langu ni hili. Alhamisi kama unaona ni vyema mpeleke, daktari atajua kazi yake, ila asome hii kabla hajamuuliza Baba swali lolote. Na kabla ya Alhamisi, leo ukipata nafasi, mkalishe Baba mpe miwani asome mwenyewe. Akikataa kusoma, msomee wewe kwa sauti, usiruke mahali. Asipotaka kuongea na mimi usimshawishi. Akitaka kurudi nyumbani, au kubaki kwako, au kushika usukani, au kuuacha, aamue kwa akili yake mwenyewe, maana anayo. Gari limetoka kwa mnyoosha bodi. Jeli nimeweka mpya. Kwa ufunguo wa akiba nimeliegesha kinyumenyume kama anavyotaka, na ukuta nimeupaka chokaa juzi, mara mbili. Asubuhi niliwasha kwa mkono nikatazama kiooni. Madoa mekundu yapo mawili.

Nisalimie shemeji sana, na umwambie goti alikande kwa maji ya moto, si ya uvuguvugu. Wewe pia jitunze, umebeba mengi mwezi huu, na nusu ya mzigo huo mimi ndiye niliyekutwika. Nitakaa nyumbani Jumapili yote, ukipiga nitapokea, hata kama ni kunigombeza.

Maneno ya mwisho si yako, ni ya Baba, tafadhali msomee polepole.

Shikamoo Baba. Uliniuliza swichi ilikuwa wapi. Ilikuwa kwenye oto, pale ulipoiacha kwa sababu mimi nilikuomba. Mkono wako haukuigusa. Hukusahau.

Mwanao, na mdogo wako, dada,
Fundi wa vioo